Jina la Bibi na Mipaka ya Kroatia

Kazi ya maisha yangu imekuwa kufundisha ufalme ambao watu wengi wa Maskati hawajapata kuusikia. Ni ufalme wa Wakroatia, uliosimama kwenye pwani ya mashariki ya Bahari ya Adria zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ukapanuka, ukasinyaa, ukapanuka tena, kisha ukaingia mikononi mwa jirani yake. Nilipostaafu chuo kikuu, hapa Al Khoudh, wenzangu walinipa saa ya ukutani na hotuba ya kunishukuru kwa subira yangu. Nadhani walikusudia subira yao. Baada ya hapo nilitarajia kulala mchana na kusoma magazeti, na kwa miaka kadhaa ndivyo nilivyoishi.

Mwaka juzi familia yetu ilijenga sabla mpya, yaani ukumbi wa harusi na misiba. Wakubwa wakaamua ukuta wa mbele uwekwe mti wa nasaba, uchongwe kwenye mbao, kuanzia babu wa saba mpaka vijana wa leo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea historia, kazi ikaniangukia. Mtoto wa ami yangu, mkubwa wetu sote, mstaafu wa serikali anayekaa Madinat Sultan Qaboos, alinipigia simu asubuhi kunipa habari.

"Yakhi, ndugu yangu, umeshughulika na nasaba za wafalme wa watu umri wako wote," alisema. "Ya kwetu itakushinda?"

Nilicheka, nikakubali. Habari zilifika Al Amerat kabla kahawa yangu haijapoa. Huko anakaa dada yangu, kwa mwanawe, ng'ambo ya milima. Ananizidi miaka minane, na tangu mama yetu afariki hakuna mwengine duniani anayenisema kama mtoto.

"Nnasikia unaandika nasaba," alisema, bila salamu. "Bibi umemweka wapi?"

Bibi huyo alikuwa mama wa baba yetu. Alichukuliwa mtoto kutoka bara, upande wa ziwa Nyasa, akafikishwa Unguja, na alipokua akawa suria wa babu. Hakuwa mke wa nikaha. Kwa sheria yetu watoto wake wawili, baba yetu na ami yetu, walikuwa huru na wa kabila la baba yao, sawa na watoto wa mke wa nikaha waliokua nao nyumba moja. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Midomo ya watu ina sheria zake, na sisi wajukuu tulizijua zote mbili tangu wadogo. Pale nyumbani bibi aliitwa jina la ua, kama walivyopachikwa masuria wengi. Jina alilokuja nalo halikutajwa na mtu.

"Dada, nasaba ni ya wanaume," nilimjibu. "Hata mama yetu hayumo."

"Mama yetu jina lake limo kwenye pasi, limo kwenye vyeti, watu wanalijua. Bibi ana nini? Mimi nnalijua jina alilopewa na mama yake. Aliniambia mwenyewe wiki ile alofariki, nna miaka kumi na tano, wewe unacheza gololi uani. Hajamwambia mwengine. Nikifa mimi, khalas, kesha kufa mara ya pili."

"Basi nitajie niliandike."

"Uliandike wapi?"

"Kwenye daftari langu la kazi, kwanza. Kisha nitalifanyia utafiti."

"Hapana. Silitoi jina la bibi likalale daftarini. Ningetaka likae kwenye karatasi, kalamu nnayo. Likikaa kwangu litabaki siri ya wanawake, na siri ya wanawake mwatufukia nayo. Nionyeshe pahala pake kwenye mti, ubavuni mwa babu, mbele ya wanaume. Siku hiyo nitakutajia."

Huo ndio ulikuwa mkataba wetu. Niliuona wa ukaidi, na nilikata simu nikinung'unika. Leo nauona ulikuwa wa haki, kwa sababu alinijua vizuri kuliko nilivyojijua.

Niseme nilivyoangukia kazi yangu, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Niliondoka Unguja nikiwa na miaka kumi na tisa, nimepewa nafasi ya masomo Yugoslavia. Nilipelekwa mji wa Zagreb kusomea uchumi wa ushirika. Wiki ya tatu niliingia darasa ambalo halikuwa langu, kwa sababu tu jiko lake la makaa lilikuwa linawaka, nikamkuta profesa mmoja mfupi, mwenye kikohozi, anachora ufalme ubaoni. Ukutani palikuwa na ramani ya zamani ya skuli. Ufalme wa karne ya kumi ulikuwa umepakwa rangi nyekundu kutoka mto Drava hadi baharini, na mpaka wake ulikuwa mstari mnene. Profesa aliipa mgongo ramani hiyo. Alilaza chaki ubavu, akapaka ubaoni ukungu mpana, mzito katikati na mwepesi pembeni, hata huwezi kusema umeishia wapi.

"Mpaka wa karne ya kumi hauchorwi kwa ncha," alisema. "Hatujui mfalme alitawala mpaka wapi. Tunajua alipolala, kanisa alilolipa shamba, na mji uliofunga lango lake alipoamuru lifungwe. Yaliyobaki wameyapaka watu wa baadaye, waliotaka babu zao wawe wakubwa."

Nilihama darasa mwezi uleule. Wazazi wangu waliamini nasomea uchumi mpaka siku niliyowapelekea picha ya mahafali, na baba hakunijibu kwa miezi mitatu.

Niliupenda ufalme ule kwa sababu kila kitu chake kina shaka. Watawala wake wa mwanzo walikuwa wakuu wadogo chini ya Wafaranki, na mmoja wao tunamjua kwa kuwa jina lake lilichongwa kwenye jiwe la kanisa. Katika karne ya kumi mtawala wao anaitwa mfalme katika barua ya Papa, lakini barua yenyewe tunayo kwa nakala iliyoandikwa karne nyingi baadaye. Zama hizohizo mtawala mkuu wa Bizanti aliandika hesabu ya askari wa Kroatia, hesabu kubwa hata wanahistoria wengi hawaimezi. Miji ya pwani, Zadar na Split na visiwa vyake, kwa jina ilikuwa ya Bizanti, na bara ilikuwa ya Wakroatia. Mtu akitoka lango la mji na punda wake kwenda kuchuma zeituni alikuwa keshavuka kutoka dola moja kuingia nyingine.

Kisha Venisi ilikuja na merikebu zake, ikaiapisha miji ile mmoja baada ya mmoja. Mfalme mwengine aliirudisha, akajiita mfalme wa Kroatia na Dalmatia. Baadaye mmoja alivishwa taji na mjumbe wa Papa katika kanisa la Solin, nje ya Split, na misingi ya kanisa hilo nimeikanyaga kwa miguu yangu. Baada yake ukaja ugomvi wa urithi. Mfalme wa mwisho wa damu yao alikufa milimani akipigana na Wahungaria, na mwaka 1102 mfalme wa Hungaria alivaa taji la Kroatia juu ya lake.

Ipo hati inayosema kwamba mambo hayakwenda kwa nguvu. Inasema makabila kumi na mawili ya Kroatia yalikaa na mfalme mgeni, yakakubaliana naye kwa hiari, kila mtu na heshima yake. Wataalamu wengi wanaona hati hiyo iliandikwa baadaye sana, na watu waliotaka baba zao waonekane walikubali, wasionekane walishindwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijihisi nipo nyumbani. Nilikuwa mtoto wa watu wa kabila, na nilikwisha kusikia barazani hadithi nyingi za namna ile, zimepangwa vizuri na wajukuu wa walioshindwa. Niliandika tasnifu yangu kuhusu hati hizo za baadaye, na nilikuwa mkali. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nawaumbua mabwana waliokufa karne sita nyuma.

Kitu kimoja tu katika ufalme ule sikupata kukitilia shaka. Wanafunzi tulipelekwa Split kwa gari la moshi, tukaingizwa makumbusho, tukasimamishwa mbele ya jiwe la kaburi la malkia. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa padri mmoja mchimbaji alilikuta Solin limevunjika vipande tisini hivi, vingine vidogo, akakaa kuviunganisha. Vilipokubaliana, vilisema kwamba pale alizikwa malkia, mke wa mfalme na mama wa mfalme, aliyekuwa mama wa mayatima na mlinzi wa wajane. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wanagombana nani alimzaa nani na nani alitawala kabla ya nani. Safu ya wafalme ilikaa sawa kwa sababu ya kaburi la mwanamke.

Nimelifundisha jiwe hilo kila mwaka hapa Maskati. Nililifundisha kwa Kiarabu changu cha kujifunza ukubwani, na kila nikifika kwenye mayatima na wajane nilikuwa naurudia mstari mara mbili, wanafunzi wakitazamana. Katika miaka yote hiyo, hata siku moja, sikumfikiria bibi.

Turudi kwenye sabla. Tulikutana wanaume kumi na moja, siku ya Ijumaa baada ya Sala, ukumbi bado unanuka rangi. Halua na kahawa vilipita. Nilieleza kazi ilivyokwenda, kisha nikasema dada yetu anaomba mama wa baba zetu aandikwe kando ya babu. Nililisema kwa sauti ya mtu anayefikisha salamu za mwengine.

Mtoto wa ami aliweka kikombe chini. Naye ni mjukuu wa bibi huyohuyo, kwa ami yetu. Ni mtu mwema, wa dini, na hajapata kukosa maziko ya mtu. "Bibi nani anamkataa?" alisema. "Allah amrehemu, yeye ndiye katuletea baba zetu. Lakini mti ni mti. Tukiandika suria mmoja, mkwe atakuja kusoma, na jirani atakuja kusoma. Tuna mabinti wa kuoza." Kisha alinigeukia. "Wewe ndiye mwalimu. Ushahidi upo?"

Nilijua ananifungulia mlango wa kutokea, nami nikatoka. "Hati hakuna," nilisema. "Ipo kauli ya mtu mmoja, ya mdomo, tena baada ya miaka sabini. Kwa taaluma yetu haitoshi."

Kila neno lilikuwa la kweli, na nilipokuwa nalisema nilijiona mnafiki. Wenzangu walitikisa vichwa kwa heshima ya taaluma. Mazungumzo yakahamia kwenye aina ya mbao.

Dada alinipigia simu kila wiki. Swali lilikuwa lilelile: "Umempatia pahala?" Nami nilikuwa na jibu kila mara. Bado tunasahihisha kizazi cha nne, fundi kasafiri, mwezi wa Ramadhani umeingia. Ngojangoja huumiza matumbo, na miezi minne ilipita hivyo. Katika mwezi wa nne simu zilikatika. Dada wa kazi anayemtunza, Mkristo mpole kutoka Songea, alinipigia kunambia bibi wa nyumba haamki vizuri. Nilidhani mafua. Nilimtuma dereva na machungwa.

Kilichonishtua ni kijitabu. Mtoto wa ami alitaka siku ya ufunguzi wageni wapewe kijitabu cha historia ya familia, kiwe na nakala za hati zetu za zamani. Nilitoa kabati langu la karatasi, nikapanga hati kwa miaka kama nilivyozoea, na asubuhi moja nikafika kwenye nakala ya fomu niliyoijaza mwenyewe mwezi wangu wa pili Maskati, katika miaka ya sabini.

Sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeiweka mbali na macho, jambo ambalo ni tofauti. Wakati ule tuliotoka Afrika tulikuwa tunarudi nchi ya babu zetu kwa mamia, na Kiarabu chetu kilikuwa kinachekesha watu. Masheikh wa makabila walikuwa wanatutolea ushahidi kwamba sisi ni watoto wao. Sheikh wetu alinishuhudia bila swali, na kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki karatasi moja ya maelezo ya familia, ofisini, mezani kwa karani kijana aliyenipa kalamu na kuniambia nijaze taratibu. Palikuwa na mstari wa mama wa baba. Nikaandika jina la mke wa nikaha wa babu, bi mkubwa wa Kiarabu, wa kabila linalojulikana, ambaye mimi na yeye hatuchangii hata tone la damu. Hakuna aliyenilazimisha. Karani hakuinua hata uso. Nilitia saini, nikarudisha kalamu, nikatoka nje kwenye jua nikijihisi nimepata nchi.

Basi hiyo ndiyo hati niliyosema haipo. Ilikuwepo, na mwandishi wake ni mimi. Mwanafunzi yeyote hodari atakayetafuta bibi zetu baada ya miaka mia atakuta karatasi yenye saini, tarehe na muhuri, na upande wa pili atakuta maneno ya bikizee mmoja wa Al Amerat. Ningekuwa mimi msahihishaji wake, ningempa alama zote kwa kuamini karatasi. Niliwaumbua mabwana wa makabila kumi na mawili kwa kuandika babu zao walivyotaka wawe, na tangu nilipoyaandika yale maneno makali tasnifuni mpaka nilipoijaza fomu hii haikupita hata miaka miwili. Nilikaa chini sakafuni, mzee mzima, nikalia.

Siku ileile nilimpigia fundi wa mbao. Nilimwambia ubavuni mwa babu atie tawi na kibao, sawa kwa ukubwa na cha babu, akiache wazi, na kwamba nitamletea jina kabla ya Alhamisi. Nilichukua mchoro, nikapanda gari, nikashika barabara ya mlimani kwenda Al Amerat. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia dada. Nilipanga kumwambia kila kitu, fomu na kikao na machungwa.

Dada wa kazi alinifungulia. "Shikamoo babu. Afadhali umekuja," alisema. "Leo amekaa vizuri, amekula uji. Ila maneno ndiyo yanamkimbia. Daktari amesema ni damu kichwani, ilikuja kidogo kidogo. Nilikwambia kwenye simu, babu, sijui kama ulinielewa."

Alikuwa ameniambia. Mimi ndiye sikusikiliza.

Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kanga mabegani. Alinitambua, akacheka upande mmoja wa uso. Nilipiga magoti, jambo ambalo kwa miguu yangu si dogo, nikamkunjulia mchoro mapajani. "Dada, huyu babu," nilisema. "Na hapa ubavuni mwake ni pahala pa bibi. Fundi keshaanza kuchonga. Nimekuja unitajie."

Alikiweka kidole chake kwenye kibao kilicho wazi. Kidole kilikuwa kinajua kilipo. Alifungua mdomo. "Mlango," alisema. Akatikisa kichwa, amekasirika. "Maji. Ma… Hapana. Mlango." Alijipiga kifuani kwa kiganja. "Nnalo. Nnalo, nnalo."

"Pole pole, dada. Hatuna haraka."

Alinitazama kwa jicho ambalo nimelijua tangu nina miaka mitatu, nami nikaona haya kutamka neno haraka mbele yake. Miezi minne alikuwa nalo mdomoni, akinisubiri mimi nipate ujasiri.

Nilimwambia yaliyobaki. Nilimsomea fomu. Sikujua anaelewa kiasi gani mpaka nilipofika kwenye jina la bi mkubwa, maana hapo aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka nikaaga. Nilimuuliza dada wa kazi pale mlangoni kama dada yangu amepata kumtajia jina lolote la zamani, hata siku moja, hata kwa bahati mbaya.

"Aliniambia liko," alisema. "Akasema litatoka siku ya kuandikwa. Samahani, babu."

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila siku kwa wiki tatu. Alinisamehe siku ya nne, au alichoka kunikasirikia. Sikumuuliza ni lipi. Tulifanya mazoezi. Nilimtajia majina ya bara niliyoyakusanya kwa watu, moja moja, naye alisikiliza kila moja kwa makini, akatikisa kichwa. Mara moja alisita, nikashika kalamu, kisha akatikisa tena. Ningeweza kuliandika lile la kusita. Wako waandishi wa zama za kati ambao wangeliandika, na sisi tungelisoma leo na kuliamini. Nilimwambia fundi aache kibao kitupu.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mti ulikuwa mzuri, sitaki kudanganya. Mbao nyeusi, herufi za Kiarabu zilizokatwa kwa mkono, matawi mpaka dari. Wanaume tulikaa kuzunguka kuta nne, na wanawake chumba cha pili, mlango wa katikati umeachwa wazi ili wasikie. Dada aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kikasimamishwa pale mlangoni. Nilimwona anautafuta ukuta kwa macho, akakipata kibao.

Mkwe wetu mmoja, mtu wa heshima kutoka Nizwa, ndiye aliyeuliza, kwa Kiarabu na kwa adabu. Alisema anaona kando ya babu pana nafasi isiyo na maandishi. Je, fundi amesahau?

Mtoto wa ami alinitazama. Alikwisha kukiona kibao tangu jana, na hakusema kitu. Nilisimama. Sijui kuhutubu bila chaki, lakini nilisema. Nilisema ile ni nafasi ya bibi yetu, mama wa baba zetu wawili, aliyechukuliwa mtoto kutoka bara na kuwa suria katika nyumba ya babu. Nikasema jina alilopewa na mama yake lilihifadhiwa na dada yangu kwa miaka sabini, na kwamba mimi nilichelewa kwenda kulichukua kwa sababu nilitaka hati. Kisha nikasema juu ya fomu. Nilieleza nilivyoandika, na jina la nani, na kwamba nilimwonea haya bibi aliyenibeba mgongoni. Kiarabu kilinitosha mpaka kwenye fomu. Hilo la kuona haya nililisema kwa Kiswahili, na nusu ya ukumbi haikulielewa.

Nilimwona mkwe ameinamisha macho kwenye busati, na nikawaza mabinti wa kuozwa, na nikawaza nimevunja kitu ambacho hakitaungika.

Mtoto wa ami alijikohoza. Mtu yule hajapata kusema mbele za watu neno asilolipima. Alisema, polepole, akiwa amekaa vilevile: "Na mimi niliandika hivyohivyo."

Nilidhani sikumsikia.

"Kwenye fomu yangu," alisema. "Mwaka uleule. Nilimwandika bi mkubwa."

Kutoka pembe ya pili mdogo wake, mwenye miaka sabini na mbili, alisema: "Na mimi, jamani. Na mimi."

Hatukuwa tumeambiana. Kila mmoja alikwenda peke yake, siku yake, kwa karani wake, akadhani yeye ndiye pekee katika watoto wa watu wema aliyemkana bibi yake. Katika kazi yangu, nyaraka tatu za watu watatu, zilizoandikwa mbalimbali, zikikubaliana, jambo huhesabiwa limethibiti. Zetu zinakubaliana neno kwa neno, na ukweli wote uliosalia ulikuwa umekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Mtoto wa ami aliinuka. Alivuka ukumbi mpaka mlango wa katikati, mbele ya wageni wote, akainama kwa dada yangu, akambusu kichwa. "Tutajie, dada," alisema. "Pahala pake ni pale. Tutajie."

Dada alimtazama, kisha akautazama ukuta. Alivuta kanga mabegani, akafungua mdomo, na wanaume wa kabila zima tukanyamaza kumsubiri.